Sebule Inayong'aa: Picha ya Ndani ya Nyumba Inathibitisha Nini, na Haithibitishi Nini?

Miaka kadhaa iliyopita nikiwa likizo nyumbani Kahama, picha moja ilizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya mtaani kwetu. Sebule pana, sakafu inang'aa kama maji, taa kubwa ya vioo inaning'inia darini, kwenye ukuta wa mbali kuna kioo kirefu chenye fremu ya rangi ya dhahabu. Chini yake mtu ameandika: "Mnaona dhahabu yetu inakoishia?"

Ilikuwa nyumba ya jirani yetu. Alikuwa mtumishi wa umma, na pia alikuwa na hisa kwenye duara moja la wachimbaji wadogo. Siku hiyo nyumba yake ilikuwa imepekuliwa, na katika watu waliokuwa ndani, mmoja alipiga picha kwa simu yake akairusha. Kesi yenyewe haikufika hukumu, iliondolewa. Lakini picha haikuondolewa. Binti yake, aliyekuwa darasa moja na mdogo wangu, alihamishwa shule kabla muhula haujaisha.

Kilichonisumbua mimi ni kitu kidogo sana. Nilikuwa nimewahi kunywa chai kwenye sebule ile. Si kubwa kiasi kile!

Sisemi jirani yetu hakuwa na kosa, hiyo si kazi yangu wala ya grupu la WhatsApp. Swali langu leo ni la kisayansi: mpelelezi akiingia na kamera kwenye nyumba ya kifahari, afanye nini ili picha zake ziwe ushahidi na si umbea? Na baada ya kufanya yote sawasawa, picha hizo zinaweza kusema nini, na wapi zinanyamaza? Twende polepole, chumba kwa chumba.

Kwanza, kwa nini nyumba nzuri si kosa huku kwetu

Kwa msomaji asiyepajua: mgodi wa Buzwagi upo kilomita chache tu kutoka Kahama mjini, mkoani Shinyanga. Ulianza uzalishaji mwaka 2009 chini ya Barrick, na shughuli za uzalishaji zilifikia mwisho mwaka 2021. Mwaka 2017, serikali ilipozuia makontena ya makinikia yasisafirishwe nje, jina la Buzwagi lilitajwa kila siku redioni pamoja na la Bulyanhulu. Tangu hapo swali la "dhahabu yetu imekwenda wapi" limekuwa la kila kijiwe, kuanzia Kahama hadi Geita.

Sasa, huu ni ukanda wa pekee. Huku mtu anaweza kulala maskini akaamka tajiri, na kwa njia halali kabisa. Kama unadhani natia chumvi, kumbuka Mirerani, Juni 2020: mchimbaji mdogo Saniniu Laizer aliiuzia serikali mawe mawili ya tanzanaiti kwa takriban shilingi bilioni 7.7. Kama wiki iliyofuata angejenga ghorofa lenye ngazi za marumaru, picha ya ngazi hizo ingethibitisha nini? Kwamba ana ngazi. Basi.

Kwa hiyo kwenye ukanda wa madini, ukisema "tazama nyumba yake" hujamaliza hoja, ndiyo kwanza umeianza.

Mbona basi wapelelezi wanapiga picha ndani?

Kwa sababu kuna makosa ambayo hali ya maisha ni sehemu ya kosa lenyewe. Sheria yetu ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamgusa mtumishi wa umma mwenye maisha au mali isiyolingana na kipato chake halali, kama hawezi kutoa maelezo ya kuridhisha. Ili mahakama ijue kama maisha hayalingani na mshahara, lazima kwanza ioneshwe hayo maisha. Hakimu hawezi kuhamishia mahakama sebuleni kwa kila shauri. Anapelekewa picha.

Sababu ya pili ni kwamba vitu ndani ya nyumba vinahama. Nyumba yenyewe itakuwepo kesho, lakini taa, zulia, runinga na kabati vinaweza kupakiwa kwenye fuso usiku mmoja. Picha inaganda na hali ya siku ile.

Sababu ya tatu inasahaulika sana: picha inamlinda pia mwenye nyumba. Akidai kwamba wapekuzi walivunja kabati au waliondoka na kitu ambacho hakikuandikwa, picha zilizopigwa kabla ya kugusa chochote ndizo zitakazojibu. Picha nzuri haina upande.

Ila ili isiwe na upande, inabidi ipigwe kwa nidhamu ya kipimo, kama unavyosoma mizani maabara. Na kamera, ndugu msomaji, ni mizani inayodanganya kirahisi mno.

Uongo wa kwanza: sebule inayovutwa

Turudi kwenye ile chai yangu. Kwa nini sebule ilionekana kubwa?

Simu nyingi za siku hizi zina lenzi zaidi ya moja. Ile ya alama ya 0.5 ni lenzi pana. Tukiipima kwa kipimo cha kamera za filamu, mara nyingi inakaribiana na milimita 13, na inaona upana wa takriban nyuzi 108. Lenzi kuu ya simu iko karibu na milimita 26, inaona takriban nyuzi 69. Lenzi ya milimita 50, ambayo wapiga picha wengi huiona ya kawaida, inaona kama nyuzi 40 tu.

Lenzi pana peke yake haina dhambi. Tatizo ni mahali inapokuruhusu usimame. Chukua makochi mawili yanayofanana, moja lipo mita 1 kutoka ulipo, lingine mita 5. Kwenye picha la karibu litaonekana kubwa mara 5 kuliko la mbali. Sasa rudi nyuma mita 4, usimame koridoni. Kochi la kwanza lipo mita 5, la pili mita 9. Tofauti imeshuka hadi mara 1.8. Makochi ni yaleyale na chumba ni kilekile, lakini ubongo ukiona kochi la mbali limekuwa dogo sana, unahitimisha kuwa chumba ni kirefu sana. Madalali wa nyumba wanaijua siri hii vizuri, ndiyo maana chumba ulichokiona kwenye tangazo hukikuti ulipokwenda kulipa kodi.

Dalali akivuta chumba, unapoteza nauli. Mpelelezi akikivuta, amemwongezea mtu ukwasi ambao hana. Ndiyo maana kanuni ya kazi hii ni kupiga kwa urefu wa macho ya mtu aliyesimama, kuandika lenzi iliyotumika, na kama chumba ni kidogo na lenzi pana haikwepeki, basi kuweka na vipimo vya futi kamba. Picha isiachwe iseme peke yake.

Rula iliyolala sakafuni

Habari njema ni kwamba nyumba za kisasa zimekuja na rula zake. Ziko chini ya miguu yako: marumaru za sakafu.

Marumaru zinafanana na zimepangwa kwa mistari, kwa hiyo sakafu nzima ni karatasi ya grafu. Ukihesabu vipande 12 upande mmoja na 9 upande mwingine, umepata vipande 108. Kama kila kimoja ni sentimita 60 kwa 60, chumba ni mita 7.2 kwa 5.4, yaani karibu mita za mraba 39. Programu za kompyuta zinaweza kutumia mistari hiyohiyo kunyoosha picha iliyopigwa kwa mshazari, na kukadiria urefu wa zulia au upana wa meza iliyokaa juu yake, hata kama mwenye nyumba ameshaviuza.

Lakini angalia mtego. Marumaru zinauzwa kwa saizi mbalimbali. Ukidhani ni za 60 kumbe ni za 50, chumba halisi ni mita za mraba 27 tu. Umekipanua kwa asilimia 44 ukiwa umekaa ofisini, kwa kukisia. Kwa hiyo mpiga picha apime angalau kipande kimoja kwa futi, akipige picha futi ikiwa juu yake, na aandike.

Na futi au rula hiyo iwekwe palepale penye kitu kinachopimwa, kwenye usawa uleule. Tuseme picha ya ukutani ina upana wa sentimita 90 na ipo mita 3 kutoka kwenye kamera. Msaidizi ameshika rula mita 2 kutoka kwenye kamera. Ukisoma moja kwa moja utapata sentimita 60. Rula haijakosea, ila imesimama mahali pasipo pake. Jambo hili si jipya: mwishoni mwa karne ya 19, Alphonse Bertillon wa polisi ya Paris alikuwa tayari anapiga picha za matukio kwa mpangilio unaoruhusu vipimo, kwa sababu aliona kwamba picha isiyo na kipimo inabaki kuwa kumbukumbu tu.

Vioo, mng'ao na vitu vinavyozaliana

Nyumba ya kawaida ni rahisi kupiga picha. Ya kifahari ni mateso, kwa sababu kila kitu kinarudisha mwanga.

Ukiwasha flashi ukiwa umekielekea kioo uso kwa uso, mwanga unakwenda na kurudi njia ileile, unapata duara jeupe katikati ya picha na nyuma yake hakuna taarifa yoyote. Fizikia ya kidato cha pili inatosha hapa: pembe ya kuingia ni sawa na pembe ya kutoka. Simama kwa mshazari, mwanga urukie pembeni.

Kwa sakafu inayong'aa na vioo vya kabati kuna kichujio cha polaraiza kinachofungwa mbele ya lenzi. Mwanga unaodunda juu ya kioo au marumaru kwa pembe fulani (kwa kioo ni karibu nyuzi 56 kutoka kwenye mstari ulio wima juu yake) unatoka umejipanga upande mmoja. Ukizungusha kichujio, unaukata, na vitu vilivyo ndani ya kabati vinajitokeza kama vile mtu amefungua mlango. Kwa chuma na metali nyingine hakisaidii hivyo, kwa sababu mng'ao wa metali haujipangi namna hiyo.

Kuna hatari nyingine ambayo hata mahakamani inaweza kuleta kizaazaa. Kioo kirefu ukutani kinazalisha vitu. Taa moja inakuwa mbili, makochi 4 yanakuwa 8. Halafu picha zikipigwa kutoka kona nne za chumba, kabati moja linatokea kwenye picha tatu. Mtu anayehesabu mali kwa kutazama picha tu anaweza kuorodhesha nyumba mbili ndani ya moja. Dawa yake haina teknolojia yoyote: mchoro wa chumba kwa kalamu, kila kitu na namba yake, na kila picha ioneshe namba hizo.

Ving'aavyo

Wahenga walishasema vyote ving'aavyo si dhahabu. Ukanda wetu unalijua hilo kuliko wengine, maana wengi wameshauziwa shaba. Lakini tukiona picha tunasahau.

Rangi ya dhahabu inatokana na jinsi metali hiyo inavyomeza sehemu ya mwanga wa bluu na kurudisha njano na nyekundu. Shaba nyeupe, ile iliyochanganywa shaba na zinki, inafanya karibu vilevile. Koki na vitasa vingi vya milango vinavyouzwa madukani vikiwa na rangi ya dhahabu vimepakwa utando mwembamba wa titaniamu naitraidi, ambao hauna dhahabu hata chembe. Ongeza na kamera yenyewe, ambayo inajipangia rangi kulingana na taa: chini ya balbu ya njano, hata fremu ya rangi ya fedha inaweza kugeuka dhahabu.

Tofauti inajulikana kwa vipimo vingine. Dhahabu ina msongamano wa gramu 19.3 kwa kila sentimita ya ujazo, shaba nyeupe ni kama 8.5. Kwenye masoko ya madini yaliyoanzishwa nchini kuanzia mwaka 2019 wanatumia mashine ya eksirei inayosoma elementi zilizomo kwenye kipande. Hata mashine hiyo inasoma tabaka la juu tu, kwa hiyo kitu kilichopakwa dhahabu kwa juu kinaweza kuidanganya asiyejua. Picha, yenyewe, haipimi hata hilo tabaka.

Na lugha yetu inatuongezea mtego. Neno marumaru tunalitumia kwa jiwe la asili linalochimbwa na kukatwa, na tunalitumia kwa kigae cha kiwandani chenye michoro ya jiwe. Bei zake ni mbingu na ardhi. Mpelelezi akiandika chini ya picha "sakafu ya marumaru", ameandika nini? Afadhali aandike anachokiona: "vigae vyeupe vyenye michirizi ya kijivu, sm 60 kwa 60". Kuthamini aachiwe mthamini, atakayeshika, atakayegeuza, atakayeuliza risiti.

Mpangilio: kutoka getini hadi kwenye namba ya kiwanda

Kazi iliyofanywa vizuri inasomeka kama hadithi yenye hatua tatu. Kwanza picha za mbali: geti, nyumba kwa nje, mlango, halafu kila chumba kutoka kona zake, picha zikipandana ili mtazamaji asipotee. Pili picha za kati: kabati hili lipo wapi ukilinganisha na mlango ule. Tatu picha za karibu: kitu chenyewe, mara moja bila rula na mara ya pili na rula, pamoja na namba ya kiwanda nyuma ya runinga au jokofu. Namba hiyo ndogo mara nyingi ina thamani kuliko picha nzima ya sebule, kwa sababu inaweza kufuatwa hadi dukani, na dukani kuna tarehe na jina la aliyelipa.

Yote hayo yafanyike kabla hakijaguswa kitu. Kila picha iandikwe kwenye daftari: namba, saa, chumba, upande kamera ilikoelekea, jina la mpiga picha. Saa ya kamera ikaguliwe mwanzoni. Na picha mbovu isifutwe! Namba zikiruka kutoka 41 hadi 44, wakili wa utetezi atauliza 42 na 43 zilionesha nini, na atakuwa na haki ya kuuliza. Mara nyingi jibu la kweli ni "kidole kilifunika lenzi", lakini nani ataamini?

Pale pale nyumbani awepo na shahidi huru, kama mwenyekiti wa mtaa au balozi, na vitu vinavyochukuliwa viorodheshwe kwenye hati na mwenyewe apewe stakabadhi. Picha haichukui nafasi ya karatasi hizo. Zinatembea pamoja.

Alama ya kidole ya faili

Sheria yetu ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ni ya mwaka 1985, enzi za filamu, na ina utaratibu wa hati ya afisa aliyetengeneza picha kutoka kwenye mkanda. Filamu ilikuwa na kitu kimoja kizuri: kulikuwa na negativu, mtu angeweza kuishika mkononi. Faili la simu halina negativu. Likinakiliwa mara 100, nakala zote ni sawa, na zote zinaweza kuchezewa.

Ndipo ikaja Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, inayoiruhusu mahakama kupokea ushahidi wa kielektroniki. Kwenye kuupima uzito wake, mahakama inaangalia kama njia iliyotumika kuutengeneza na kuutunza inaaminika, na kama haujabadilishwa njiani.

Utathibitishaje kwamba faili halijabadilishwa? Kuna hesabu inaitwa heshi. Unaliingiza faili lote, linatoka na mfuatano wa herufi na tarakimu. Kwa njia ya SHA-256 mfuatano huo una urefu wa alama 64, uwe umeingiza neno moja au filamu nzima. Mfano ambao unaweza kuujaribu mwenyewe: neno "hello" linatoa mfuatano unaoanza na 2cf24dba. Badilisha herufi ya kwanza tu iwe kubwa, "Hello", unapata unaoanza na 185f8db3. Havifanani hata kwa kubahatisha. Kwa hiyo heshi ikichukuliwa jioni ileile ya upekuzi na kuandikwa kwenye hati, miaka mitatu baadaye yeyote anaweza kuirudia mahakamani. Ikiwa ileile, faili ni lilelile. Ikitofautiana, kuna kilichoguswa.

Sasa linganisha na ile picha ya jirani yetu. Kwa mpangilio wa kawaida, WhatsApp inaipunguza picha. Ile ya pikseli 4,000 kwa 3,000 inafika kwako ikiwa kama 1,600 kwa 1,200. Taarifa zilizofichwa ndani ya faili, kama saa, aina ya simu na lenzi, zinaondolewa. Heshi inakuwa nyingine kabisa. Yaani picha iliyosafiri kwa WhatsApp imefika ikiwa imepoteza karibu kila kitu ambacho mahakama ingekitaka. Kilichobaki ni kile ambacho grupu linakitaka: mng'ao.

Mbali na heshi kuna mnyororo wa utunzaji. Katika shauri la Paulo Maduka na wenzake dhidi ya Jamhuri (Rufaa ya Jinai Na. 110 ya 2007), Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilieleza umuhimu wa kumbukumbu ya maandishi inayoonesha kielelezo kilikamatwa na nani, kikatunzwa wapi, kikapita mikono ya nani. Kadi ya kumbukumbu ya kamera nayo ni kielelezo. Ikikaa wiki mbili kwenye mfuko wa suruali ya mtu, hata heshi haitakuambia kilichotokea kabla haijachukuliwa.

Picha ikishakamilika, inasema nini?

Tuseme yote yamefanyika kwa usahihi. Kuna mambo ambayo picha zinayasema kwa sauti kubwa. Mfano maarufu uko Paris, kwenye jengo la namba 42 Avenue Foch, lenye vyumba takriban 100, lililohusishwa na Teodorin Obiang, makamu wa rais wa Guinea ya Ikweta. Februari 2012 wachunguzi wa Ufaransa walilipekua kwa zaidi ya wiki. Guinea ya Ikweta ilisema hilo ni jengo la ubalozi, halipaswi kuguswa. Mvutano ukafika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ambayo tarehe 11 Desemba 2020 ilisema jengo hilo halikuwahi kupata hadhi ya ubalozi. Obiang mwenyewe alitiwa hatiani Paris mwaka 2017, na rufaa yake ya mwisho ikagonga mwamba Julai 2021. Ukiifikiria hoja ile, utaona kwa nini ndani ya nyumba ni muhimu: jengo ni ofisi au ni makazi? Hapo ndipo vitanda, nguo na meza vinapokuwa na la kusema.

Lakini pesa zilitoka wapi? Hapo picha inanyamaza, na kazi inahamia kwa wahasibu. Jirani zetu Kenya wana kesi ya Stanley Mombo Amuti, aliyekuwa akishughulikia fedha kwenye shirika la umma la maji. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ya huko ilithibitisha kwamba alipe serikali takriban shilingi milioni 41.2 za Kenya, kwa kuwa hakutoa maelezo ya kuridhisha kuhusu mali hiyo. Kilichobeba kesi kilikuwa hesabu: katika kipindi fulani ana kipato gani kinachojulikana, ana mali na amana kiasi gani, na tofauti yake ameielezaje. Hakuna sehemu kwenye hesabu hiyo inayoandikwa "sebule inang'aa sana".

Kwa hiyo ukiniuliza picha ya ndani ya nyumba ni nini, nitakujibu: ni kipimo. Inajibu nini, wapi, lini, kikubwa kiasi gani. Haijibu kwa pesa ya nani. Kwenye ukanda ambao mshahara wa ualimu na bahati ya duara vinaweza kukaa mfukoni mwa mtu mmoja, pengo kati ya maswali hayo mawili ni pana kuliko shimo la Buzwagi.

Katiba yetu iliweka mambo mawili karibu karibu: ibara ya 13 inasema mtu asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike, na ya 16 inalinda faragha ya mtu, familia yake na maskani yake. Upekuzi halali unaifungua faragha hiyo kidogo, kwa ajili ya mahakama. Haujaifungua kwa ajili yetu sisi wa kwenye grupu.

Hebu fanya jaribio dogo nyumbani kwako leo. Simama mlangoni, piga sebule yenu kwa lenzi ya 0.5. Kisha rudi nyuma uwezavyo, piga tena kwa lenzi kuu. Ziweke picha mbili pamoja, halafu muulize mtu asiyewahi kufika kwenu: nani kati ya hawa wawili ni tajiri?

Mimi nilifanya hivyo sebuleni kwetu, nyumba mbili kutoka kwa yule jirani. Mama aliitazama ile ya kwanza kwa muda, akacheka, akasema, "Hii tukiirusha, kesho na sisi tunapekuliwa." Kisha akanyamaza kidogo. Akauliza yule binti siku hizi anasoma wapi.